Msaidizi wa Wakili na Lugha ya Mashauri ya Biashara ya Kimataifa

1. Utangulizi

Jina la "msaidizi wa kisheria" si geni tena katika Afrika Mashariki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 na sheria ya Tanzania ya jina hilohilo ya mwaka 2017 zote zinamtambua mtu huyu na kumwekea mipaka ya kazi yake. Aghalabu yeye huishi miongoni mwa watu anaowahudumia. Humweleza mjane haki yake katika shamba la marehemu, humwandikia kibarua barua ya kudai ujira, na humwelekeza mwenye shida katika ofisi inayomhusu. Hana cheo cha uwakili, lakini ana mafunzo.

Huko Marekani, jina hilo katika lugha yao hutumika kwa mfanyakazi mwingine ambaye hana kijiji na hakutani na mjane. Huyo hukaa katika ofisi ya mawakili, chini ya usimamizi wao, na kazi yake ni kuliandaa, kulitunza na kulifikisha shauri mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Makala haya yanamchunguza mfanyakazi huyo katika tawi moja tu la sheria, yaani mashauri ya biashara ya kimataifa yanayoendeshwa Washington na New York. Tawi hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kazi ya lugha: kuainisha maandishi, kuyatafsiri, kuyaficha na kuyafichua. Pili, Kenya ilipitisha sheria yake ya hatua za kulinda biashara mwaka 2017. Kwa hiyo mfanyakazi wa namna hii atahitajika hapa pia, na Kiswahili hakina budi kumpatia jina na zana za kazi.

2. Maana ya "bei ya kutupa"

Shina la mashauri mengi ya tawi hili ni malalamiko kwamba bidhaa za kigeni zinauzwa nchini kwa bei ya kutupa. Kiswahili cha sokoni kinao msemo huu tayari, na ndiyo maana mtu anaweza kudhani ameelewa kumbe bado. Kwa mchuuzi, bei ya kutupa ni bei ndogo mno. Mnunuzi huifurahia bila kuuliza zaidi. Kwa mwanasheria, udogo wa bei si hoja hata kidogo. Hoja ni uhusiano wa bei mbili: bei ambayo kiwanda humwuzia mnunuzi wa kwao, na bei ambayo kiwanda hichohicho humwuzia mnunuzi wa ng'ambo.

Tuseme kiwanda huuza tani moja ya bidhaa nchini mwake kwa dola 500, na tani hiyohiyo hukiuzia Marekani kwa dola 450. Tofauti ni dola 50. Kwa kuwa hugawanywa kwa bei ya Marekani, kiwango cha tofauti huwa asilimia 11.11. Kiwanda kingine kinaweza kuuza Marekani kwa dola 300 tu, lakini ikiwa bei ya kwao nayo ni dola 300, na bei hiyo inafidia gharama za uzalishaji, hakuna bei ya kutupa katika maana ya sheria. Aliyeuza rahisi zaidi huepuka, na aliyeuza ghali zaidi hutozwa.

Kanada ilitunga sheria ya kwanza ya aina hii mwaka 1904, na Marekani ikatunga yake mwaka 1921. Sheria inayotumika Marekani leo imo katika Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930 kama ilivyorekebishwa mara nyingi, hasa mwaka 1979. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kazi imegawanywa baina ya vyombo viwili. Wizara ya Biashara hupima kama bei ya kutupa ipo na ni ya kiwango gani. Tume ya Biashara ya Kimataifa, iliyoanzishwa mwaka 1916 kwa jina la Tume ya Ushuru, huamua kama viwanda vya Marekani vimepata madhara kwa sababu ya bidhaa hizo. Ushuru wa ziada hautozwi mpaka majibu ya vyombo vyote viwili yawe ya ndiyo. Katika uchunguzi wa mwanzo, tofauti ya bei iliyo chini ya asilimia 2 huhesabiwa kuwa si kitu. Wizara hiyohiyo huchunguza pia ruzuku zinazotolewa na serikali za kigeni kwa viwanda vyao.

Asiyeridhika na uamuzi huenda Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliyoko New York, ambayo ilipewa jina hilo mwaka 1980 badala ya Mahakama ya Forodha. Kutoka hapo rufani hupelekwa Washington, katika Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliyoundwa mwaka 1982.

3. Jalada na saa

Mahakama hiyo ya New York, inaposikiliza mashauri ya aina hii, haiiti mashahidi wala haipokei ushahidi mpya. Husoma jalada lililoundwa mbele ya Wizara au Tume, kisha huuliza kama uamuzi umesimama juu ya ushahidi wa kutosha uliomo humo. Lisilokuwa ndani ya jalada, kwa mahakama, halikutokea. Hapa ndipo uzito wa kazi ya msaidizi unapoonekana. Wakili anaweza kuwa na hoja kali kama wembe, lakini ikiwa risiti inayoithibitisha ilisahauliwa mezani miezi minane iliyopita, hoja hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa.

Uchunguzi huanza na hojaji. Hojaji ya Wizara kwa kampuni ya kigeni ina sehemu tano zinazotajwa kwa herufi. Sehemu A huuliza muundo wa kampuni na vitabu vyake vya hesabu. Sehemu B inahusu mauzo ya nchini mwake, na sehemu C mauzo ya Marekani. Sehemu D inahusu gharama za uzalishaji, na sehemu E kazi inayofanywa juu ya bidhaa baada ya kuingia Marekani. Majibu huandamana na vielelezo: ankara, mikataba, hati za usafirishaji, taarifa za fedha. Msaidizi huvipa vielelezo nambari, huhakikisha kwamba kielelezo kinachotajwa katika ukurasa fulani ndicho kilichoambatishwa, na kwamba jumla iliyoandikwa katika sentensi ni ileile iliyomo katika jedwali. Vilevile hukusanya hati za uthibitisho ambazo ofisa wa kampuni na wakili wake hutia sahihi, wakikiri kwamba yaliyowasilishwa ni kweli na kamili kwa kadiri wajuavyo.

Juu ya kazi hiyo yote kuna saa. Lalamiko likishapelekwa, Wizara ina siku 20 za kuamua kama itafungua uchunguzi, na Tume ina siku 45 za kutoa uamuzi wake wa awali. Hati za Wizara hupokelewa kwa njia ya kompyuta hadi saa 11 kamili jioni, na za Tume hadi saa 11 na dakika 15. Anayetaka kwenda mahakamani ana siku 30 tangu uamuzi au amri kuchapishwa katika gazeti la serikali, kisha siku 30 nyingine za kuwasilisha hati ya madai. Msaidizi ndiye anayeitunza kalenda hiyo, na shauri moja huwa na tarehe nyingi zinazotegemeana, hata moja ikisogezwa nyingine nazo husogea.

Pamoja na hayo, kuna jambo asiloruhusiwa. Hatoi ushauri wa kisheria, hapokei shauri kwa jina lake, wala hasimami mbele ya hakimu. Anaweza kulijua jalada kuliko mtu yeyote katika ofisi, lakini sauti yake katika shauri ni sauti ya wakili.

4. Mabano na siri

Kampuni zinazoshindana sokoni hulazimika, katika mashauri haya, kutoa siri zao: majina ya wanunuzi, bei ya kila mzigo, gharama ya kila malighafi. Mawakili wa upande wa pili hawana budi kuziona siri hizo ili waweze kujibu, lakini wateja wao hawaruhusiwi. Sheria ya mwaka 1979 ilitatua mgongano huu kwa amri ya kulinda siri. Wakili hutia sahihi kwamba hatamwambia mteja wake yale anayoyasoma. Katika Tume, makarani na wasaidizi nao hutia sahihi hati yao ya kukiri masharti hayo.

Chombo cha kulinda siri ni alama ndogo ya uandishi: mabano ya mraba. Neno au tarakimu iliyo siri huwekwa ndani ya mabano. Katika Wizara, habari iliyo siri mno, kiasi cha kutotolewa hata kwa mawakili walio chini ya amri, huwekwa ndani ya mabano mawili mawili. Kisha hutolewa nakala ya pili, ya hadhara, ambayo yaliyomo ndani ya mabano yamefutwa au kufupishwa. Mfano wa sentensi ya siri ni huu: "Bei ya wastani kwa [Mnunuzi wa Kwanza] ilikuwa dola [412.50] kwa tani." Katika nakala ya hadhara jina hufutwa, na tarakimu huweza kuandikwa [430], kwa kuwa kanuni hukubali tarakimu ya kukadiria isiyopita asilimia 10 juu au chini ya ile ya kweli.

Kazi hii yahitaji msomaji makini zaidi kuliko inavyodhaniwa. Siri haikai katika neno moja tu. Ikiwa jumla ya mauzo imeachwa wazi, na mauzo ya wanunuzi wawili kati ya watatu yamo wazi, basi mabano yanayomficha wa tatu ni pazia la kioo, kwani mtoto wa shule aweza kutoa. Ikiwa jina la mnunuzi limefichwa lakini sentensi inayofuata inamtaja kuwa ndiye mwenye kiwanda pekee katika jimbo fulani, jina limefichuka. Hivyo msaidizi hapitii neno kwa neno. Huisoma matini nzima kwa macho ya mshindani anayetafuta upenyo. Wanaisimu huzungumza juu ya mshikamano wa matini, yaani namna sehemu moja inavyorejelea nyingine. Hapa mshikamano huo ndio adui wa kulindwa naye.

Wizara inatambua ugumu huu. Hati yenye siri huwasilishwa siku ya mwisho ikiwa na tahadhari kwamba mabano yake si ya mwisho, na siku ya kazi inayofuata ndipo hupelekwa hati iliyokamilika pamoja na nakala ya hadhara. Siku hiyo moja ni ya msaidizi. Akisahau kufuta bano moja, siri imevuja. Akipaka rangi nyeusi juu ya maneno katika kompyuta bila kuyaondoa maneno yenyewe, siri imevuja vilevile. Tume huchapisha mihtasari ya uvunjaji wa amri zake, na kosa la kuacha siri katika nakala ya hadhara hutokea humo mara kwa mara. Adhabu zaweza kuanzia barua ya onyo la faragha hadi kuzuiliwa kufanya kazi mbele ya Tume kwa muda usiozidi miaka 7.

5. Tafsiri, na mfano wa uzito wa chuma

Hati iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni haipokelewi na Wizara pasipo tafsiri ya Kiingereza, ama nzima ama ya sehemu zinazohusika, isipokuwa pale Wizara yenyewe inapoacha sharti hilo. Kampuni yaweza kuwa ya Japani, Uturuki au Brazil. Vitabu vyake havikuandikwa kwa ajili ya hakimu wa New York. Kichwa cha safu moja katika daftari la ghala chaweza kutafsiriwa "punguzo", "marejesho" au "kamisheni", na kila tafsiri hupeleka tarakimu zilizo chini yake katika hesabu tofauti. Msaidizi hatafsiri, aghalabu. Yeye huhakikisha kwamba neno lililotafsiriwa hivi katika kielelezo cha tatu halikutafsiriwa vingine katika kielelezo cha thelathini.

Jinsi jambo dogo linavyoweza kuwa kubwa inaonyeshwa vyema na shauri la mabamba ya chuma kutoka Japani, lililoanza mwaka 1998. Chuma cha namna hiyo huweza kuuzwa kwa uzito wa mizani, au kwa uzito wa kukokotolewa kutokana na urefu, upana na unene. Bei kwa tani ya uzito wa aina moja hailingani na bei kwa tani ya uzito wa aina ya pili mpaka ipatikane nambari ya kugeuzia. Wizara iliiomba kampuni ya Nippon Steel nambari hiyo, nayo kampuni ikajibu kwamba haiwezekani kuitoa. Baadaye, muda uliowekwa ukiwa umepita, takwimu zikapatikana na kupelekwa. Wizara ilizikataa, na mahali pa takwimu hizo ikaweka makadirio yaliyochaguliwa kwa kuielemea kampuni.

Sheria ya Marekani huruhusu makadirio ya namna hiyo dhidi ya mdaawa asiyeshirikiana kwa uwezo wake wote. Shauri zima likageuka kuwa mjadala juu ya maana ya maneno hayo machache. Je, aliyesahau hakushirikiana? Mahakama ya New York ilirudisha shauri kwa Wizara, lakini mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliipa Wizara haki. Ilieleza kwamba sheria haidai ukamilifu na inaelewa kuwa makosa hutokea, lakini haivumilii kutojali, uzembe wala utunzaji mbaya wa kumbukumbu. Si lazima kuthibitisha nia mbaya. Yatosha kwamba kampuni ilikuwa nazo takwimu na haikuzitafuta inavyopasa.

Japani ilikuwa imekwisha kulipeleka suala hilohilo Geneva, mbele ya Shirika la Biashara Duniani. Huko, Julai 2001, Baraza la Rufani lilikubali kwamba Marekani ilikosea kuzikataa takwimu hizo kwa sababu tu zilichelewa, pasipo kuuliza kama zilikuwa zimeletwa katika muda wa kiasi. Tukio ni moja na nambari ni ileile, ila masikio ya kisheria yaliyoisikia ni mawili. Kwa mwanafunzi wa semantiki hili ni somo tosha. Kwa msaidizi wa wakili somo ni fupi zaidi: swali linalojibiwa "haiwezekani" hurudishwa ghalani mara ya pili kabla ya kutiwa sahihi.

6. Kiswahili na kazi hii

Kenya na Tanzania zimekuwa wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu lilipoanza mwaka 1995, na zote mbili zilishiriki kama wahusika wa tatu katika shauri la ruzuku za sukari za Ulaya lililomalizika kwa rufani mwaka 2005. Lugha rasmi za shirika hilo ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Karibu zaidi na nyumbani, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi mwaka 1999 uliandika katika kifungu cha 137 kwamba lugha rasmi ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitakuzwa kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kwa upande mwingine, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania mwaka 2021 ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mlango umefunguliwa, lakini istilahi za kuingia nazo ni chache.

Zipo zinazopatikana bila taabu. "Ruzuku", "ushuru", "kielelezo", "hati ya kiapo" na "wadaawa" zimekwisha kuzoeleka. "Bei ya kutupa" yafaa kuchukuliwa kuwa istilahi, mradi maana yake ya kisheria ielezwe wazi na isiachwe iyeyuke katika maana ya sokoni. Ushuru unaotozwa juu yake waweza kuitwa "ushuru wa kufidia bei ya kutupa", na ule wa upande wa ruzuku "ushuru wa kusawazisha ruzuku". "Madhara" linatosha kwa hasara inayovipata viwanda, kwani kama neno la Kiingereza linalolingana nalo, hubeba maumivu ya mwili na hasara ya mali kwa pamoja.

Gumu zaidi ni jina la mfanyakazi mwenyewe. "Karani" lina historia ndefu katika Kiswahili, kuanzia forodhani hadi ofisi za serikali ya kikoloni, lakini masikioni mwa wengi humshusha mtu awe mwandishi wa kunakili tu. "Msaidizi wa kisheria" limekwisha kutwaliwa na sheria za 2016 na 2017 kwa mtu wa kijijini, na kulitumia kwa wote wawili ni kuwachanganya watu walio na mafunzo, wajibu na mabwana tofauti: mmoja humsaidia mwananchi, wa pili humsaidia wakili. "Msaidizi wa wakili" lina faida ya kusema wazi ni nani anayesaidiwa na nani anayewajibika. Pale inapobidi kubainisha, "msaidizi wa wakili wa mashauri" humtenga na yule anayeandika mikataba.

7. Hitimisho

Kazi iliyoelezwa hapa haina utukufu wa jukwaani. Jina la mwenye kuifanya halimo katika hukumu. Hata hivyo uamuzi unaoweza kufunga soko mbele ya kiwanda, na kuwaacha vibarua wake bila kazi, hutegemea kama tarakimu ilitafutwa, ikapatikana, ikatafsiriwa kwa neno lile lile, ikafichwa mahali pa kufichwa na ikafika kabla ya saa 11 jioni.

Siku mwenye kiwanda cha sukari au cha nguo nchini Kenya atakapolalamika chini ya sheria ya mwaka 2017, ushahidi wa madhara hautatoka kwa mawakili. Utatoka kwa wahasibu wa ghala, wasimamizi wa mashine na wakulima, ambao wengi wao hueleza mambo yao kwa Kiswahili. Mtu atakayewasikiliza na kuyageuza maelezo yao kuwa vielelezo atahitaji lugha yenye mipaka iliyo wazi baina ya bei ndogo na bei ya kutupa, baina ya punguzo na marejesho, baina ya kutoweza na kutotafuta. Kuichora mipaka hiyo ni kazi ya idara za lugha, nayo yafaa ianze kabla shauri halijafika mezani.